Aliyezima Onyo

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imeanza alfajiri, na bati la chumba changu linalia kama kikaango cha bisi. Naandika kwa sababu nikisema nitatukana. Naandika pia ili siku nikiambiwa nimetunga, niwe na pa kusomea.

Kaka yangu ameondoka na Timazi.

Timazi ni maktaba ya hesabu. Haina rafu wala vitabu. Ni msimbo ambao waandishi wa programu huuchukua bure na kuuchomeka ndani ya kazi zao, ili wasisumbuke kuandika upya hesabu ambazo watu wamezihangaikia vizazi na vizazi. Mhandisi, mtu wa hali ya hewa, mpima ardhi, yeyote mwenye rundo la milinganyo isiyofunguka kwa kalamu, anaiita Timazi, nayo inamletea jibu. Tuliianza mimi na kaka tukiwa wanafunzi, kwenye meza ya kulia ya mama, tukaipa jina la kile kipande cha chuma na uzi alichotumia baba kunyoosha kuta. Baba alikuwa fundi mwashi, Mungu amrehemu. Tukaiweka wazi kwa dunia nzima: chukua, tumia, badilisha, hatutaki senti yako. Kaka alipoajiriwa na kampuni kubwa, ulezi ukabaki kwangu. Mchana nafundisha chuo cha ufundi, jioni najibu watu nisiowajua, wengine wastaarabu, wengine kama waliozaliwa wakiwa wamekanyagwa.

Wiki iliyopita kaka alinipigia. Kampuni yake inataka Timazi iende kasi zaidi, vijana wake wameibadilisha, niyapitishe mabadiliko. Nikayasoma. Kasi ilipatikana, ndiyo, kwa kung'oa sehemu zinazokagua kama jibu linaaminika. Nikakataa. Leo asubuhi amechukua nakala nzima, ameibatiza Timazi Kasi, ameitangaza kwa nembo ya kampuni. Chini ya picha yake wameandika "Mwanzilishi". Mmoja tu. Kama vile ile meza ya mama ilikuwa na kiti kimoja.

Na hana kosa kisheria. Leseni inamruhusu yeyote kunakili na kuanzisha yake. Tuliiandika pamoja hiyo leseni. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania neno "yeyote".

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Hajapiga. Na mimi sipigi.

Jumanne, 12 Machi

Wifi amenitumia picha: kaka jukwaani, kipaza sauti mdomoni, suti inayong'aa mabegani. "Wifi, mwone kaka yako!" na mioyo myekundu mitatu. Mke wake hana ubaya, hajui kitu. Nikamjibu "Hongera".

Watu wanahama. Kila siku mmoja wawili wanaandika kwa adabu kwamba wanahamia Timazi Kasi, asante kwa yote. Asante kwa yote! Kama vile nimelala kaburini.

Jumapili, 17 Machi

Nilikwenda kwa mama. Nilijiapiza nisilitaje jambo hili, nikalitaja kabla sijavua viatu.

"Kaka yako ana watoto wawili," mama akasema, anakunja nguo zilizokataa kukauka. "Ndiye aliyeliezeka hili paa. Wewe mambo yako ya bure hayo ungeyafanya mpaka lini?"

"Mama, hakuomba. Amechukua na kuondoka."

"Kwani kakuachia tupu? Yako si bado unayo?"

"Ninayo."

"Basi kimepungua nini?"

Hilo ndilo linaloniua: kwa hesabu hakijapungua kitu. Aliyenakili hajabeba. Msimbo wangu uko palepale, kila mstari. Ningeibiwa mbuzi ningeonyesha kamba.

"Hasira hasara, mwanangu," mama akasema.

"Hasara nimeshaipata, mama. Acha basi nibaki na hasira."

Akanipiga na shati lenye unyevu, akacheka. Mimi sikucheka.

Jumamosi, 23 Machi

Darasa linavuja. Nimefundisha nimeweka ndoo katikati, kila tone linahesabu dakika zangu.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua. Hakuna aliyeandika leo. Zamani nililalamika wakiandika.

Jumanne, 2 Aprili

Leo kuna aliyeandika. Kwenye ukurasa wetu wa hitilafu, hadharani, kila mtu asome:

"Wewe mwenye Timazi. Nimetumia kitu chako na kimeniingizia mpaka wa mfereji ndani ya nyumba ya mtu. Kama hesabu huziwezi, mbona usiuze vitunguu?"

Mwenyewe anasema ni mpima ardhi. Nimeandika jibu nikalifuta. Nikaandika la pili, kali zaidi, nikalifuta. Miaka yote ninawatumikia bure, na malipo yangu ni vitunguu! Nimezima kompyuta, nimekwenda kusimama barazani kutazama maji yanavyobeba takataka za jirani zangu.

Jumatano, 3 Aprili

Asubuhi nikamwandikia kama mtu mzima: "Ndugu, unatumia toleo gani? Nitumie ulichokiona kwenye kioo."

Akatuma picha. Mstari wa juu kabisa: Timazi Kasi.

Nikamwambia hiyo si yangu. Ikapita saa nzima, kisha: "Samahani sana, dada. Majina yanafanana."

"Ndiyo maana yakafananishwa," nikamjibu.

Nilitakiwa nifurahi. Kosa si langu, niende zangu. Lakini nimelitazama lile jibu alilopewa, namba ndefu, tarakimu sita baada ya nukta, nadhifu kama bibi harusi, nikalitilia shaka. Nimemwomba anitumie vipimo vyake vyote.

Jumanne, 9 Aprili

Nimepitia vipimo vya Mpima kwa siku kadhaa. Niandike taratibu.

Mjini kwake wanapanua mfereji wa maji ya mvua. Kazi yake ni kuonyesha mpaka wa eneo la mfereji unapita wapi. Nyumba iliyo ndani ya mpaka inapigwa alama ya X kwa rangi nyekundu, kisha linakuja tingatinga. Ili ajue aliposimama, anatazama nguzo zilizopandwa zamani, ambazo mahali zilipo panajulikana, anapima pembe, hesabu zinamwambia yuko wapi. Nguzo zikiwa zimetawanyika vizuri, kosa dogo la jicho linabaki dogo. Lakini mafuriko yalikuwa yamefunika nguzo nyingi, zikabaki tatu, na hizo tatu ziko karibu kwenye mstari mmoja. Hapo kosa la unene wa kidole linavimba mpaka linakuwa kosa la chumba kizima.

Timazi yangu nimeipa vipimo hivyohivyo. Ikasimama papo hapo na kuandika: "Vipimo hivi havitoshi kutoa jibu la kuaminika." Ikakataa kusogea.

Timazi Kasi haikusema kitu. Ilitoa jibu. Tarakimu sita.

Nikampigia Mpima. Ni mtu mzima, sauti ya kukwaruza.

"Kwa hiyo haikupaswa kunipa jibu kabisa?"

"Haikupaswa. Ilitakiwa ikwambie utafute nguzo nyingine."

"Ningetafuta. Ningesubiri maji yapungue. Nilishtuka niliporudi kupima upande wa pili, mstari ukaja kwingine. Nikawaambia ofisini wasimamishe kazi. Nyumba ya kwanza walikuwa wameshaivunja."

"Nyumba ya nani?"

"Mama mmoja mjane, anashona. Mtaani wanamwita Mama Cherehani. Alitoka na cherehani kichwani, mvua inamnyeshea. Mstari sahihi hata ukuta wake wa nje haugusi, dada. Nimeuchora upya mara tatu."

Jumatano, 10 Aprili

Sikuweza kwenda kazini kabla sijajua ni nani aliyeling'oa onyo lile. Msimbo ulio wazi una jambo moja zuri: historia yake haifutiki. Kila mstari ulioingia au kutoka una jina la mtu na sababu aliyoiandika.

Nilidhani nitakuta mmoja wa vijana wa kampuni, mtu asiyejua anachokigusa. Nimekuta jina la kaka. Sababu aliyoandika ni neno moja: "Usafi".

Nikarudi nyuma zaidi, kule tulikoanzia, nitazame onyo lenyewe liliingizwa na nani. Yeye. Kaka ndiye aliyeliandika, mwaka wa pili wa chuo. Nakumbuka alivyonieleza akiwa na kijiti cha kiberiti mdomoni: "Maktaba isiyojua kusema 'sijui' ni ya kitapeli." Mpaka jana nilimwona kaka mtu aliyesahau. Hakusahau. Hakuna mtu duniani aliyelijua onyo lile kuliko yeye.

Nikampigia.

"Onyo ulilifuta wewe?"

"Lipi?"

"Unalijua."

Nyuma yake watu walikuwa wanacheka, vikombe vinagongana.

"Wateja walilalamika," akasema. "Mtu ana vipimo maelfu, kimoja kina mashaka, kazi nzima inasimama. Mteja anataka jibu, mdogo wangu. Hataki mawaidha."

"Kuna nyumba imevunjwa, kaka." Nikamsimulia yote, Mpima, nguzo, cherehani.

"Inasikitisha. Lakini maelekezo yako wazi. Mtumiaji ahakiki jibu mwenyewe."

"Yameandikwa wapi?"

"Kwenye maelekezo."

"Ukurasa wa ngapi?"

"Nina kikao," akasema, akakata.

Nimefundisha vipindi vyote leo bila kujua nimefundisha nini. Mwanafunzi mmoja ameniuliza kama naumwa. Nimemwambia ndiyo, naumwa ugonjwa wa ndugu.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimelirudisha onyo kwa njia ya heshima. Nimechukua mistari ileile ya kaka, nimeitengeneza ikae ndani ya Timazi Kasi, nimewatumia kama mgeni yeyote anayechangia. Nikaambatanisha vipimo vya Mpima ili wajionee.

Jibu limekuja kabla ya chakula cha mchana, kutoka kwa mtu wa kampuni nisiyemjua: "Asante kwa kujali. Inapunguza kasi. Tumelifunga ombi lako."

Kwa kujali!

Jumapili, 14 Aprili

Mvua ya mawe. Sikwenda kwa mama. Nimemwambia barabara imejaa maji, na kweli imejaa, lakini ningeweza kuzunguka.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimempigia Mpima kumwomba ruhusa ya kuviweka vipimo hadharani. "Jina lako nitalificha."

"Usilifiche," akasema. "Nimeshajieleza ofisini. Wamenisimamisha kazi. Sasa nina nafasi ya kujibu simu."

Basi nimeandika. Sikutukana. Nimeeleza nguzo tatu, nimeweka vipimo, nimeonyesha jinsi ya kuviendesha kwenye maktaba zote mbili, kila mtu kwa kompyuta yake. Nimeandika kwamba onyo liliondolewa chini ya neno "usafi", na nimeweka kiungo cha mahali historia inapoonyesha. Jina la kaka sikulitaja. Kiungo kinalitaja.

Kidole kilikaa juu ya kitufe mpaka chai ikapoa. Nikamfikiria mama na shati lake lenye unyevu. Kisha nikamfikiria mtu ninayemjua kwa jina la utani tu, anatembea kwenye mvua na chuma kizito kichwani.

Nikabonyeza.

Jumanne, 16 Aprili

Simu haipumui. Watu wanaendesha vipimo na kubandika majibu: tarakimu sita, tarakimu sita, tarakimu sita. Mhandisi wa madaraja ameandika, "Nimetoka kukagua kazi zangu za mwezi mzima, jasho linanitoka." Wengine wananiita mwenye wivu. Mmoja anasema mwanamke aliyeachwa hivi ndivyo anavyofanya. Nimwambie kwamba aliyeniacha ni kaka yangu tumbo moja? Simwambii kitu.

Alhamisi, 18 Aprili

Kaka amekuja.

Ilikuwa saa kumi jioni, mvua inamwagika. Nilisikia mlango wa gari, nikachungulia nikamwona wifi amebaki ndani ya gari, kioo kimejaa ukungu. Kaka hakuwa na mwavuli. Alisimama mlangoni suti imemgandia, maji yanachuruzika kwenye sakafu yangu.

"Umenianika juani," akasema.

"Juani? Masika haya? Angalau ungekauka."

Nilimtupia taulo. Hakulidaka, likaanguka.

"Ungenipigia."

"Nilikupigia. Ulikuwa na kikao."

"Ungenipigia tena! Mimi ni kaka yako. Unakwenda kuniweka mbele ya dunia nzima, watu wananiandikia mimi muuaji, bosi ananiita mbele ya vijana wangu niwaeleze, mama anasikia kwa majirani..."

"Niliwatumia onyo hilo Alhamisi iliyopita. Likafungwa. Ulijua?"

Akajifuta maji usoni.

"Ulijua?"

"Niliona."

Hapo ndipo nilipopiga kelele. Sitaandika yote; hata marehemu baba nilimwingiza, na hakustahili. Nilimwambia kuandika "mwanzilishi" peke yake ningemeza, tena nilishaanza kumeza. Nilimwambia wengine wote waliozembea hawakujua, yeye ndiye aliyejua, aliandika kwa mkono wake, akafuta kwa mkono wake, akaita usafi. Nilimuuliza kama watoto wake wakiulizwa baba anafanya kazi gani wajibu anafagia. Jirani aligonga ukuta kwa ufagio. Kaka alisimama tu, anadondoka maji.

Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Walisema wakinipa idara, lazima nionyeshe kasi. Nikatafuta cha kukata. Kila nilichokata kilikuwa kinaleta matatizo kwa mteja mmoja au wawili tu. Onyo hilo lilikuwa la mwisho kwenye foleni. Nililitazama, wallahi. Nikasema nitalirudisha baadaye kama chaguo."

"Baadaye ipi?"

"Sijui."

"Hilo ndilo neno ulilolifuta," nikamwambia. "Sijui."

Aliketi mezani kwangu bila kukaribishwa, akavuta kompyuta yangu, akaingia Timazi Kasi kwa jina lake. Nilisimama nyuma yake kama msimamizi wa mtihani. Alilirudisha onyo mstari kwa mstari, bila kutazama ya zamani, mkono unakumbuka wenyewe. Penye sababu akaandika: "Nililiondoa mimi. Halikupaswa kuondolewa." Vidole vilikuwa vinaacha maji kwenye vitufe vyangu.

"Umeridhika?" akauliza.

"Hapana."

Akaondoka. Taulo lilibaki chini alipolikanyaga.

Jumatatu, 22 Aprili

Timazi Kasi wametoa toleo jipya, onyo limo. Kampuni imetoa tamko la kushukuru "jamii ya watumiaji". Mimi ni jamii sasa.

Ijumaa, 26 Aprili

Wamemwondoa kaka kwenye idara, kisha wakamwondoa kabisa. Mama amepiga.

"Umefurahi? Umemkosesha mwanangu kazi."

"Mama, mimi ni mwana wa nani?"

Akakata simu. Nililia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, kisha nikaenda kusahihisha madaftari.

Jumamosi, 4 Mei

Mvua inapungua, inakuja kwa mikupuo. Mpima anasema nyumba nyingine zote za mtaa ule, alama zao za X zimepakwa chokaa. Mama Cherehani anashonea kwenye ukumbi wa jirani. Amefungua madai ya fidia, na ofisi inajitetea kwamba kompyuta ndiyo iliyokosea. Baraza linalosikiliza madai linataka mtu wa kueleza kompyuta ilikosea vipi.

"Njoo wewe, dada," Mpima akasema.

"Hapana. Aje aliyezima."

Nimemtumia kaka ujumbe wa mstari mmoja, tarehe na mahali. Hajajibu.

Jumatano, 8 Mei

Amejibu: "Nitakwenda. Utakuwepo?"

Nimemwandikia: "Kila mtu na nauli yake."

Jumatano, 22 Mei

Nilikwenda. Safari ndefu, matope mpaka magotini mwa basi. Ukumbi wa halmashauri, viti vya plastiki, feni linazunguka bila kupuliza. Mpima alinifahamu kabla sijajitambulisha, akanipisha kiti. Mama Cherehani alikaa mbele, mwanamke mwembamba, viatu amevifuta vikabaki na tope kwenye mishono. Wenye suti wa ofisi walikuwa upande wa pili. Kaka alikaa peke yake karibu na mlango, amekonda, na mimi nilikuwa ninamkasirikia bado, nilitaka kukonda kwake kusiniguse, na kulinigusa.

Mwenyekiti akamwita. Kaka akaeleza vizuri. Alikuwa mwalimu mzuri siku zote. Akachukua chupa tatu za maji za meza kuu, akazipanga mstari mmoja, akaonyesha jinsi jicho linavyodanganyika. Akasema mpima alifanya alichoambiwa na programu, na programu ilitakiwa ikatae. Wakili wa ofisi akasimama kwa furaha: kwa hiyo ni hitilafu ya mashine, si ya mtu?

"Hapana," kaka akasema. "Mashine ilikuwa na onyo. Nililizima mimi."

Sikuwa nimemwambia aseme hivyo. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye swali, Mama Cherehani akainua mkono kama mtoto wa shule, akasimama.

"Hilo onyo, mwanangu," akasema, "lilikuwa linakusumbua nini?"

"Lilikuwa linachelewesha hesabu, mama."

"Linachelewesha kiasi gani?"

Kaka akageuka akanitafuta. Jibu alikuwa nalo, tulilipima wote wawili enzi zile, mimi nikisoma saa, yeye akiandika. Nilimtazama machoni na sikumsaidia.

"Chini ya kupepesa jicho," akasema.

Mama Cherehani akapepesa jicho. Mara moja, taratibu, kama mtu anayejaribu kitu alichoelekezwa. Kisha akakaa.